Umepanda kulinganisha na nini?

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, ila ile habari ya juzi ya uzalishaji viwandani kupanda asilimia nane imenishinda kuvumilia. Umepanda kulinganisha na nini? Mwezi uliopita? Mwezi kama huo mwaka jana? Nimeisoma yote hadi maelezo ya chini ya picha, hakuna. Mwandishi kaandika "umepanda" akaona kamaliza.

Hili si jambo dogo jamani. Takwimu za India za Aprili 2021 zilionyesha uzalishaji viwandani umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 130, ukiishia hapo utadhani wamejenga viwanda vipya nchi nzima, kumbe Aprili 2020 viwanda vingi vilifungwa sababu ya korona, sasa ukipimwa kutoka shimoni hata kurudi tu ulipokuwa utaonekana umepaa. China nao Januari na Februari wanazitoa kwa pamoja, maana sikukuu yao ya mwaka mpya inahamahama kati ya miezi hiyo miwili na viwanda vinasimama, ukilinganisha Januari kwa Januari unajidanganya. Wenzetu wanahangaika hivyo, nyie mstari mmoja wa maelezo unawashinda?

Naongea kwa uchungu kwa sababu nimefanya kazi kiwandani, idara ya uzalishaji, na fomu ya takwimu ya kila mwezi ilikuwa inapita mezani kwangu. Tulikuwa tunatengeneza sabuni ya mche, kwenye fomu kuna mstari wake, "tani" pembeni, nafasi ya kujaza, basi. Ikafika wakati kiwanda kikahamishia nusu ya kazi kwenye sabuni ya maji, mashine mpya, zamu ya usiku ikaongezwa, na fomu haina mstari wa sabuni ya maji, haina hata sehemu ya "mengineyo". Nikapiga simu kwenye ofisi inayokusanya, kijana aliyepokea akaniambia jaza yaliyomo kwenye fomu, hiyo ya maji achana nayo. Yaani kwenye takwimu tukawa tunashuka mwezi hadi mwezi huku malori yamepanga foleni getini! Na ndivyo inavyokuwa popote orodha ya bidhaa ikizeeka, kwa sababu kila bidhaa inapewa uzito kulingana na ongezeko la thamani, yaani thamani ya bidhaa ukitoa gharama ya malighafi, katika mwaka wa kizio, ule mwaka unaohesabiwa kuwa 100 na miezi mingine kupimwa nao, na mwaka huo ukishakuwa wa zamani mnapima viwanda ambavyo vimeshabadilika au havipo kabisa. Sasa mwandishi wenu alishindwa nini kuuliza mwaka wa kizio ni upi?

Tena uzalishaji viwandani sio viwanda peke yake. Marekani benki kuu yao, Federal Reserve, ndiyo inayotoa fahirisi ya uzalishaji viwandani, yaani ile namba moja inayojumlisha uzalishaji wote, na ndani yake kuna viwanda, migodi, umeme na gesi. Baridi ikizidi watu wanawasha hita, umeme na gesi vinapanda, fahirisi inapanda, na hakuna kiwanda kilichoongeza hata zamu moja. Na kila wakitoa mwezi mpya wanarekebisha na miezi ya nyuma. Nyie namba ya kwanza mnaiweka ukurasa wa mbele, marekebisho sijawahi kuyaona hata ukurasa wa ndani.

Halafu hiyo michoro yenu. Mnaanzisha nguzo kwenye 100 badala ya sifuri, matokeo yake 108 inaonekana mara nne ya 102, mtu akipitisha macho tu anaondoka na uongo. Na aya ya mwisho mkasema "uchumi umekua asilimia nane". Pato la Taifa lina kilimo, biashara, usafirishaji, huduma, hayo yote mmeyaweka wapi?

Ninachoomba ni kisanduku kila mwezi, ukurasa wa biashara, kona ya chini kulia, kisihame. Kiseme: imelinganishwa na mwezi gani, mwaka wa kizio ni upi, athari za msimu, kama sikukuu na baridi, zimeondolewa au la, sekta gani imevuta, na namba ya mwezi uliopita ilivyotoka mwanzo na ilivyo sasa baada ya kurekebishwa. Nafasi ipo, toeni ile picha ya mashine mnayoirudia kila ripoti ikitoka.

Msomaji wenu,
Karani wa uzalishaji mstaafu