Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi za Chama na Suala la Modeli ya Kittyhawk ET574

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wapenzi wa historia ya ndege. Shughuli za kawaida zimeendelea: mihadhara imefanyika, maktaba imepangwa upya, jarida limetoka ingawa kwa kuchelewa, na wanafunzi wa shule za jirani wamepokelewa. Hayo mnayafahamu, na waliokuwapo waliyaona wenyewe, kwa hiyo ninaomba niende moja kwa moja kwenye suala ambalo limezungumzwa sana nje ya vikao na kidogo sana ndani yake, yaani modeli tuliyoitengeneza ya ndege ya kivita yenye namba ET574.

Kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria mhadhara wangu, ET574 ilikuwa ndege ya aina ya Kittyhawk iliyoundwa na kampuni ya Curtiss huko Marekani, yenye injini ya Allison na bunduki sita za rashasha mabawani. Ilitumiwa na Kikosi cha 260 cha Jeshi la Anga la Uingereza, ambacho mapema mwaka 1942 kilikuwa kimeachana na ndege za Hurricane na kuanza kurusha hizi za Kimarekani katika jangwa la Afrika Kaskazini. Mwishoni mwa Juni mwaka huo hali ya Waingereza ilikuwa mbaya. Tobruk, bandari ya Libya, ilianguka tarehe 21, majeshi ya Rommel, jenerali wa Ujerumani, yalikuwa yakipigana Mersa Matruh ndani ya Misri, na vikosi vya anga vilikuwa vikihama viwanja kurudi mashariki, huku ndege mbovu zikipelekwa nyuma kwa mafundi kabla adui hajazikuta. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 28 Juni, pale rubani Dennis Copping, mwenye cheo cha Flight Sergeant, kijana wa miaka 24, alipopewa kuipeleka ET574 kwenye matengenezo, magurudumu yake yakiwa na hitilafu. Safari hiyo haikuwa ya vita wala haikuwa ndefu, lakini alipotea njia, akaingia ndani kabisa ya jangwa, na hakuonekana tena.

Mwaka 2012, miaka 70 baadaye, mfanyakazi wa mafuta raia wa Poland aliikuta ndege hiyo katika Jangwa la Magharibi la Misri, mamia ya kilomita kutoka mji wowote. Propela ilikuwa imepinda, magurudumu yameng'oka, rangi imesuguliwa na mchanga mpaka bati likang'aa, na saa za chumba cha rubani zikiwa bado mahali pake. Pembeni kulikuwa na mabaki ya mwavuli wake wa kurukia kutoka angani, ambao inaelekea aliutumia kama kivuli, na redio na betri alizokuwa amezitoa nje. Maana yake ni kwamba alitua akiwa hai na akajaribu kuita msaada. Hana kaburi linalojulikana.

Sasa nifike kwenye uamuzi wenyewe. Kamati, ikiongozwa nami, iliamua kwamba modeli yetu iioneshe ET574 kama ilivyokutwa jangwani, bila kurudishiwa rangi za kikosi na herufi zake za utambulisho, HS-B. Baadhi yenu mmesema tumetumia fedha za chama kutengeneza skrepa. Ninawajibu kwa kuwakumbusha yaliyoipata ndege yenyewe. Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza yalikubali kutoa Spitfire yao, PK664, ili iwe malipo ya kuiokoa Kittyhawk hii, lakini ET574 haikuwahi kufika London. Ilipelekwa kwenye makumbusho ya El Alamein, hukohuko Misri, ikakaa kwenye kontena kwa miaka, kisha ikatengenezwa na kupakwa rangi mpya kwa namna iliyowasikitisha wengi wanaojua ndege hizi. Rangi ile imefunika ushahidi wote nilioutaja hapo juu. Modeli yetu inaonesha redio iko mchangani, nje ya ndege, na mtazamaji anajiuliza mwenyewe nani aliiweka pale. Modeli yenye rangi nzuri inanunuliwa dukani.

Wengine wameuliza kwa nini tuhangaike na rubani wa Uingereza aliyepotea Misri. Nilikwisha kueleza katika mhadhara kwamba askari wa kazi kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika walipelekwa katika jangwa hilohilo, wakachimba mahandaki na kupakua shehena zilizowezesha ndege hizo kuruka. Aliyefika alisikia.

Imedaiwa pia kwamba uamuzi ulipitishwa na watu wachache. Ni kweli tulikuwa wachache, lakini mkutano uliitishwa kwa barua, uliahirishwa mara ya kwanza kwa kukosa akidi, na katiba inaruhusu mkutano ulioahirishwa kuendelea na waliopo. Katika wanachama 46 walifika 9, na miongoni mwa waliopinga baadaye simkumbuki hata mmoja aliyekuwa ukumbini. Kuhusu gharama, modeli, meza yake na kioo vilifikia shilingi 780,000, nami nililipia sehemu ya mbao na usafiri kutoka mfukoni mwangu bila kudai kurejeshewa, jambo ambalo nisingelitaja kama halingeulizwa.

Ada ndiyo aibu yetu kubwa. Waliolipa kikamilifu ni 17, waliolipa nusu ni 6, na waliosalia wanaahidi. Mweka hazina amewapigia simu mpaka amechoka, na baadhi ya simu hizo zilipokelewa na watu wenye maoni mengi kuhusu modeli. Ninaomba ieleweke kwamba mwanachama anayedaiwa hana kura, ingawa sauti anayo.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ya fedha ikiruhusu, kuandaa maonesho makubwa zaidi ya vita vya anga vya Afrika Kaskazini, kupata chumba chenye paa lisilovuja, na pengine kutengeneza modeli ya pili, ambayo rangi yake itajadiliwa na wanachama waliolipa ada. Mweka hazina atawasilisha hesabu baada yangu.