Kiberiti hakipimi asali

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Hizi video za mtu anachovya njiti ya kiberiti kwenye asali, ikiwaka anashangilia kwamba ni orijino, kwa kweli zimezidi. Njiti inawaka kama haijalowa maji ya kutosha, basi, na sirapu nzito ya sukari nayo ina maji machache vilevile kwa hiyo itafaulu huo mtihani bila shida. Ya kudondosha kwenye glasi ya maji ni hivyo hivyo, chochote kizito kinazama. Sisimizi wanakula asali halisi na feki. Halafu kuna wanaotupa asali eti imeganda kwa hiyo imechanganywa sukari, wakati asali safi nyingi huganda zenyewe kwa sababu ya glukosi, jamani acheni!

Vipimo vya kweli vipo na viwango vyake vinajulikana. Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inataka maji yasizidi asilimia 20 kwa asali nyingi, na hicho kipimo hata mfugaji mdogo anakiweza, refraktomita ni kidude cha mkononi na tone moja linatosha. Maji yakizidi asali inachacha. Kuna na HMF, kemikali inayotokea sukari ya asali ikipata moto au ikikaa sana stoo, mwisho miligramu 40 kwa kilo, kwa asali ya nchi za joto 80. Aliyechemsha asali ili ichujike haraka anaumbuliwa hapo.

Kipimo cha chavua, ule unga wa maua, ndicho nakipenda zaidi. Wanachukua kama gramu 10 wanayeyusha kwenye maji, wanaizungusha kwenye mashine mpaka chavua ikae chini, halafu wanahesabu punje moja moja kwenye hadubini na kila mmea una sura yake. Kwa kawaida chavua ya mmea mmoja ikifika asilimia 45 ndipo asali inaitwa ya mmea huo, ila sio sheria ya kila ua, michungwa na lavenda hutoa chavua kidogo kwa hiyo kwao hata 10 mpaka 20 inakubalika. Sasa wapo wanaochuja asali kupita kiasi mpaka chavua yote inatoka, inang'aa kweli, lakini ukiuliza imetoka wapi hakuna tena wa kujibu. Na chavua kuwepo peke yake haitoshi, mtu anaweza kuchanganya asali kidogo na sirapu nyingi na punje bado utaziona.

Sirapu yenyewe inabadilika kila siku. Ya mahindi au miwa inakamatwa kwa kupima kaboni, maana mimea hiyo inajenga sukari kwa njia tofauti na maua mengi ya nyuki, ndio maana wajanja wamehamia sirapu ya mchele ambayo kipimo hicho hakiioni. Umoja wa Ulaya ulitoa ripoti 2023, sampuli 320 za asali iliyoagizwa kutoka nje, 147 zikatiliwa shaka, karibu nusu!

Kilichonifanya niandike hasa ni hizi lebo za "antioksidanti kwa wingi", yaani vitu vinavyozuia kemikali zinazoharibu seli za mwili. Wingi kiasi gani, na umepimwaje? Maabara wanatumia dawa ya zambarau inaitwa DPPH wanaangalia inavyopauka, au wanapima fenoli, antioksidanti zinazotoka kwenye mimea, kwa kimiminika cha Folin, ambacho sukari zenyewe nazo zinakiingilia, kwa hiyo namba bila njia ya kupima haisemi kitu. Ni kweli asali nyeusi mara nyingi huwa na fenoli nyingi kuliko nyeupe. Lakini kuna jambo hawaliweki kwenye lebo, asali ikipashwa moto inapata weusi na vitu vinavyozaliwa na huo moto vinaweza kuipandisha namba ya antioksidanti, yaani uliyoiharibu inaweza kutoka na maksi nzuri kuliko uliyoiacha. Ndio maana hiyo namba mimi siisomi mpaka nione na HMF pembeni yake.

Nyie gazeti nawaomba kitu kimoja. Mtu akileta tangazo la asali inayotibu kila kitu kwa sababu ya antioksidanti, kabla hamjalichapa mwambieni alete karatasi ya maabara yenye maji, HMF, chavua na tarehe ya kupima.

Msomaji wenu,
mpenzi wa asali