Kwa nini unalipa hata siku ambayo jino halijang'olewa

Wiki iliyopita mama mmoja wa Nyakato aliondoka hapa kliniki kwetu na hasira. Kalipa 15,000, mwanawe kapandishwa na kushushwa kwenye kiti, kahesabiwa meno, kashika kioo kwa mkono wake, na jino bovu likabaki palepale. "Nimelipia mchezo?" Hapana, mama. Umelipia kazi iliyo ngumu kuliko kung'oa.

Mwanawe ana tatizo la kutotulia na kukosa umakini, ambalo madaktari huliita ADHD. Si utundu wala si malezi mabaya. Taa usoni, sauti ya mashine, kungoja, vyote vinamwelemea kwa pamoja. Ndiyo maana tunampangia saa 2 asubuhi, kabla benchi halijajaa, kwa robo saa tu. Kila kifaa tunamweleza, tunamwonyesha, ndipo kinaingia mdomoni. Muda huo kiti hakina mgonjwa mwingine.

Wazazi wengine humnywesha mtoto Piriton nyumbani ili asinzie. Tafadhali acheni. Kuna watoto ambao dawa hiyo huwachangamsha badala ya kuwalaza, na akija amelegea hatumgusi.

Wengine hutaka ashikwe kwa nguvu. Tuliletewa mvulana wa miaka 8 kutoka Ukerewe. Mwaka mmoja nyuma, watu wazima wanne walimkandamiza mahali fulani akang'olewa jino, kwa nusu ya bei yetu. Kwetu alipoona koti jeupe tu alikimbilia barabarani. Alikuja mara tano ndipo akafungua mdomo, na gego lake la kudumu, lile linaloota kwenye miaka 6 na wazazi wengi hulidhani la utoto, lilikuwa limeoza hadi kwenye mshipa. Piga hesabu ya nauli ya meli, watu wawili, mara tano.

Wapo wanaoshindwa kabisa hata kwa subira. Hao tunawapa rufaa kwenye hospitali yenye daktari wa usingizi. Kwenye kiti chetu hatumlazi mtoto kwa dawa ya usingizi, kwa bei yoyote.

Kama anatumia dawa za ADHD, njooni na pakiti yake. Baadhi hukausha mate, na kinywa kikavu huozesha meno upesi, kwa hiyo soda ya kumbembelezea kwenye daladala iacheni, leteni maji.

Mama wa Nyakato, nafasi ya mwanao ya Jumanne saa 2 bado tumeishikilia.