Kwa wanangu mnaohesabu pumzi za watoto

Wanangu wahudumu wa afya wa jamii na wauguzi wa zahanati za Tanga, Muheza na Pangani, salaam alaykum.

Mwishoni mwa 2022 nchi kadhaa za Ulaya, Uingereza na Ufaransa zikiwemo, zilitangaza kuongezeka kwa maambukizi makali ya bakteria waitwao streptokokasi kundi A kwa watoto wa chini ya miaka 10. Ziliweza kusema yameongezeka kwa sababu miaka ya nyuma ilikuwa imeandikwa. Kwetu adui mkubwa ni nimonia, homa ya mapafu, na silaha ya kwanza ni rejista ya MTUHA, daftari la taarifa za huduma za afya, mliyonayo mezani.

Hesabuni pumzi dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kosa la pumzi moja limekuwa kosa la pumzi nne. Mtoto apakatwe na mama, ametulia, halii wala hanyonyi, nguo imepandishwa uone kifua na tumbo. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka, na hapo rudia kuhesabu, maana kichanga hupumua kwa kusitasita. Miezi 2 hadi 11 ni 50. Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5 ni 40. Andikeni namba yenyewe, wanangu. Neno “nimonia” peke yake halihakikiki kesho. “Pumzi 54, miezi 8, mbavu haziingii ndani” linahakikika. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea hana foleni, apewe rufaa papo hapo.

Sasa lile linalotuponza. Tuseme wiki iliyopita mliona watoto 60, wenye nimonia 12. Wiki hii mmeona 120, wenye nimonia 24. Mtu atapiga kelele kuwa ugonjwa umekuwa mara mbili, kumbe ni mmoja kwa watano vilevile. Wakati wa korona wazazi wengi waliogopa hospitali. Wakirudi, foleni hurefuka hata kama ugonjwa haujaongezeka. Kwa hiyo idadi ya wote waliohudhuria iandikwe kila wiki, kwa umri. Na mtoto anayerudi siku ya tatu ni marudio, asihesabiwe upya.

Tarehe za chanjo ya PCV, ile ya kukinga nimokoka, bakteria mkuu wa nimonia, wiki ya 6, 10 na 14, zinakiliwe kutoka kwenye kadi, si kwa kumbukumbu ya mama. Ulizeni pia kama alipitia duka la dawa. Dozi moja ya amoksilini yatosha kuzuia bakteria wasiote maabara, na jibu likarudi “hakuna kitu” ilhali mtoto anaumwa kweli.

Kwa mnaochukua damu ya kuotesha bakteria maabara: spiriti ikauke kwanza ndipo sindano iingie, la sivyo mtaotesha bakteria wa ngozi. Chupa isiwekwe kwenye friji, ifike maabara siku ileile. Nimokoka hufa upesi. Wala msitegemee kijiti cha puani kumtaja bakteria aliyeleta ugonjwa, kwani watoto wengi wazima hubeba nimokoka puani bila kuugua.

Mwaka wenu wa kulinganishia usiwe 2020 wala 2021, miaka hiyo ilivurugwa na korona. Rejista za 2018 na 2019 zilizofungiwa stoo zitolewe, masika ilinganishwe na masika, vuli na vuli, kabla mchwa hawajazimaliza.

Wasalaam,
Mzee wenu, Tanga