Makarani wa boma hawakuketi meza moja na mkoloni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niijibu makala mliyochapa wiki iliyopita kuhusu utawala wa Mwingereza Tanganyika. Mwandishi amewataja makarani Waafrika wa wakati ule kwa sentensi mbili tu, na katika hizo mbili amewaita vibaraka walioshiba mezani kwa mkoloni huku wenzao wakiteseka vijijini. Nimesoma nikaumia. Mimi ni mjukuu wa karani wa boma, yaani ofisi ya serikali ya wilaya, na kazi yangu hadi nilipostaafu ilikuwa kufundisha historia sekondari. Meza hiyo anayoisema sijaiona, si katika maisha ya babu wala katika historia niliyofundisha.

Sikatai kwamba karani alikuwa mkono wa serikali. Ndiye aliyejaza daftari la kodi, akakata stakabadhi, akafasiri maneno barazani, na mwananchi mwenye shida kwa Bwana Shauri, yule ofisa Mzungu wa wilaya, alipita kwanza mbele yake. Wako waliokula rushwa kwa nafasi hiyo, na wako waliopindisha maneno ya watu wasiojua Kiingereza. Kinyongo cha wananchi kilikuwa na sababu, tena cha tangu zama za Mjerumani: Maji Maji ilipoanza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, maakida, watawala wadogo waliowekwa na Mjerumani, walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa mwanzo. Lakini akida aliyepewa mamlaka ya kutoza na kuadhibu si sawa na kijana aliyekaa nyuma ya taipureta akinakili barua za mkubwa wake. Mwandishi wenu amewachanganya, na huko ndiko kosa lake lilikoanzia.

Tutazame mshahara kwanza. Utumishi wa serikali ulipangwa kwa rangi: Wazungu juu, Wahindi na Wagoa (watu wa Goa, India) katikati, Waafrika chini. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Afrika Mashariki, ilipendekeza kwamba asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu hata wakiwa na cheo kimoja. Haya hayakuwa maonevu ya bosi mmoja mwenye roho mbaya. Watu wasomi waliketi, wakapiga hesabu ya thamani ya mtu kwa ngozi yake, wakaiandika kwenye ripoti. Ilipofika 1954, Tume ya Lidbury ndiyo iliyoshauri kuacha mgawanyo wa rangi, ingawa waliotoka ng'ambo waliendelea kupata nyongeza maalumu ya kuwavutia kuja kufanya kazi huku.

Na hata hizo sehemu tatu kati ya tano Waafrika wengi hawakuzionja, kwa sababu hawakupandishwa kufikia ngazi ambako wangeweza kulinganishwa na Mzungu. Martin Kayamba anatajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba njia ilikuwa wazi. Huyu alizaliwa Zanzibar 1891, akasoma shule ya misheni ya Kiungani, akafungwa na Wajerumani huko Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akawa karani mkuu wa boma la Tanga, na mwaka 1932 akapelekwa Sekretarieti ya Dar es Salaam, makao makuu ya utawala, kuwa katibu msaidizi. Sawa, alifika. Lakini alifika peke yake, na nchi nzima ilimtazama kama kioja. Mlango unaopitisha mtu mmoja katika kizazi kizima siuiti mlango uliofunguliwa.

Tuje kwenye makazi. Dar es Salaam ya Mwingereza iligawanywa kanda tatu za ujenzi, na kila mtu alijua yake: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini katikati, na Kariakoo kwa Mwafrika. Mkuu wa idara alipewa nyumba yenye samani, uwanja na vyumba vya watumishi, na muda wa likizo ulipofika alilipiwa meli kwenda kwao Uingereza. Karani wake, aliyemwandikia barua zote za asubuhi hiyo, alirudi jioni kwenye chumba kimoja cha kupanga katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, choo na jiko uani, kila chumba familia yake. Asubuhi alitakiwa afike ofisini shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Pasi ya mkaa, chumba kimoja, watoto wamelala chini, na mkewe ameamka alfajiri kuchota maji ili bwana asichelewe. Akiugua, hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu; yeye alikwenda hospitali ya Sewa Haji pamoja na Waafrika na Wahindi wengine.

Wa mikoani walikuwa na mzigo wa ziada, uhamisho. Babu alihamishwa kutoka Handeni kwenda Pangani, kutoka Pangani kwenda Lushoto, na barua ya uhamisho haikuuliza kama mke ana mimba au mahindi yamekaribia kuvunwa. Bibi alikuwa akisema kila shamba alilolima alivunia mwenzake. Kila kituo kipya walikuwa wageni, na wageni wa aina mbaya, kwa maana jirani anayekusalimia leo ndiye utakayemwandika kesho kwenye orodha ya wasiolipa kodi. Huku nyumbani kwao Muheza ukoo mzima uliamini babu ana fedha za serikali. Mpwa alitaka ada, shangazi alitaka kanga, mwisho wa mwezi wageni walijaa. Alikopa dukani kwa Mhindi kama mkulima yeyote, tofauti ni kwamba yeye alikopa akiwa amevaa tai.

Nimeeleza shida, lakini sitaki makarani wakumbukwe kwa kuhurumiwa tu. Mwaka 1922 hapa Tanga, Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali, TTACSA (Tanganyika Territory African Civil Service Association). Walikaa Waislamu na Wakristo pamoja, watu wa makabila mbalimbali, wakasoma magazeti, wakacheza mpira, wakajadili maslahi yao. Kwa nchi ambayo mkoloni alikuwa ameanza kuipanga upya kwa makabila, kukutana kwa namna hiyo lilikuwa jambo zito. Miaka 7 baadaye, 1929, kikazaliwa chama cha African Association Dar es Salaam, rais wake wa kwanza Cecil Matola na katibu Kleist Sykes, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Chama hicho kilijenga ofisi yake New Street, mtaa tunaouita leo Lumumba, na kutokana nacho ikaja TAA (Tanganyika African Association), kisha TANU tarehe 7 Julai 1954. Mwandishi wenu anaisifu TANU ukurasa mzima. Asingeweza kuisifu bila wale aliowatukana ukurasa uliotangulia.

Mkoloni mwenyewe hakuwaona kuwa watu wake wa kuaminika. Mwaka 1953 serikali ya Gavana Edward Twining iliwapiga marufuku watumishi wake kujiunga na TAA. Fikirini maana yake kwa mtu mwenye chumba cha kupanga na watoto shuleni: ama unyamaze, ama uache kazi. Wengine walinyamaza, na siwalaumu. Wengine walitoa fedha kimyakimya. Wengine waliingilia mlango wa vyama vya wafanyakazi, kama Rashidi Kawawa, aliyekuwa mtumishi wa serikali na kiongozi wa TAGSA, chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kabla ya kuwa katibu mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, 1955. Jirani zetu Kenya walipitia hayo mapema zaidi: Harry Thuku alikuwa mwendesha simu wa Hazina mjini Nairobi, siasa zikamfukuzisha kazi, na Machi 1922 akakamatwa na kupelekwa Kismayu.

Ndugu Mhariri, ninaomba mambo mawili. Kwanza, mchapishe masahihisho ya zile sentensi mbili, kwa sababu makala zenu husomwa darasani na wanafunzi huzinakili jinsi zilivyo. Pili, mtenge nafasi, hata robo ukurasa kwa wiki, wasomaji walete walichobaki nacho: barua za uhamisho, vitambulisho vya kazi, picha za ofisini, kadi za vyama. Nyaraka za Taifa zimehifadhi majalada ya Sekretarieti, lakini humo karani anaonekana kwa mwandiko wake tu, akiandika maneno ya mtu mwingine. Maneno yake mwenyewe yako kwenye masanduku ya familia, na mchwa hawasubiri. Barua za babu ninazo, nitazileta ofisini kwenu mkikubali.

Mwalimu mstaafu,
Tanga