Barua kutoka Isevya: selfu imeitika

Isevya, Tabora

Kaka yangu mpendwa,

Mwangaluka! Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, huko Ujiji. Mama watoto anakusalimu sana, na anasema msimu wa maembe wa mwaka huu usikupite tena.

Nakuandikia habari ya ile pikipiki ya magurudumu manne ya marehemu baba. Unaikumbuka ilivyotubeba kwenda kwenye mizinga upande wa Sikonge, madebe ya asali yamefungwa nyuma na sisi tumening'inia juu yake? Tangu mvua ziishe imekuwa haiwaki. Ukibonyeza kitufe inalia "tak", basi. Kamba ya kuvutia nayo ilishakatika. Fundi mmoja wa hapa mjini aliisikiliza mara moja tu, akasema mota ya stata, yaani selfu inayozungusha injini ili iwake, imekufa, ninunue nyingine. Na wewe kwenye simu ulikubaliana naye. Kaka, mota ni nzima. Nataka nikueleze nilivyojua, maana boti yako inawashwa kwa njia hiyohiyo, na siku ikigoma katikati ya ziwa hakuna wa kukusukuma.

Nilianza na betri. Niliichaji usiku kucha, asubuhi mita ikasoma volti 12.6. Nikamwambia kijana wangu abonyeze kitufe huku nimeshikilia mita palepale kwenye betri. Ikasoma 12.4. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na mashaka na maneno ya fundi. Stata inakula umeme mwingi. Ikizunguka, au hata ikijikaza bila kuzunguka, lazima betri ishuke hadi 11, hata 10. Betri isiposhuka, maana yake umeme haupiti. Na ile "tak" ni rilei, swichi inayopitisha umeme mkubwa kwenda kwenye mota, inavuta, kwa hiyo kitufe kinafanya kazi yake. Kizuizi kiko kwenye nyaya nene, au ndani ya rilei yenyewe.

Basi nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, tukabonyeza tena. Hapo inatakiwa isome karibu na sifuri, kwa kuwa hasi na injini ni kitu kimoja. Ikaniandikia 11. Nilikaa chini kabisa. Karibu nguvu yote ya betri ilikuwa inaishia kwenye waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini, mota inaambulia volti moja na kidogo.

Nilipoifungua ile bolti ya ethi nilikuta kutu imejaa chini ya kichwa cha waya, na nyuzi za shaba zimekuwa unga wa kijani. Kwa nje palionekana pazima, pamefungwa vizuri na solotepu. Nimepiga msasa hadi chuma king'ae, nikaweka waya mpya mnene, nikakaza, kisha nikapaka grisi juu ili maji yasiingie. Kijana akabonyeza, injini ikazunguka kwa nguvu mpaka mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi. Machozi yalinitoka, sikufichi. Mlio ni uleule wa baba akirudi jioni.

Lakini kuna jambo lililoniuma zaidi. Nikifuata nyaya ndogo chini ya kiti, ambako panya walikuwa wamejenga, niliona mtu alishaukata waya wa swichi ya gia huru akauunga moja kwa moja kwenye chuma. Swichi ile ndiyo inayozuia stata isizunguke gia ikiwa imeingia. Bila shaka waya ulikuwa unasumbua, akaona njia fupi ni kuiruka. Sasa fikiria: vijana wetu wanapanda chombo hiki, wanaegesha popote. Mmoja anabonyeza kitufe amesimama mbele yake, gia iko ndani, kinaruka na kumpanda. Kuirudisha swichi hiyo kulinichukua siku nzima, zaidi hata ya ethi. Waya ulikuwa umekatika shaba ndani ya ganda lake, pale unapojikunja shingoni mwa usukani. Kwa macho huoni kitu. Nilijua kwa kuuvuta taratibu, ganda likarefuka kama mpira. Nikaunganisha kwa risasi ya kulehemu ulivyonifundisha, nikavika kimrija cha plastiki kinachonywea kwa moto. Kisha nikaingiza gia makusudi na kubonyeza: kimya. Nikaitoa: ikawaka. Nilirudia mara tatu.

Kwako wewe, kabla hujagusa chochote toa kwanza waya wa hasi. Na tafadhali acha ile tabia ya kuunganisha rilei kwa bisibisi. Cheche yake ni kubwa, na wewe mapipa ya petroli yako miguuni pako. Ukibonyeza, usipitishe sekunde tano; ipumzishe ndipo ujaribu tena, la sivyo mota itaungua kweli.

Nina ombi. Nimesikia nyaya za boti shaba yake hupakwa bati ili isiliwe na maji. Ukiipata kwa mafundi wa hapo Kigoma, ninunulie mita mbili ya unene wa kidole cha mwisho, umpe mtu anayekuja na treni. Nataka kubadilisha na ule wa kutoka rilei hadi mota kabla mvua za Novemba hazijaanza. Pesa nitakutumia kwa simu ukinitajia bei.

Jumatatu tunakwenda kurina. Dumu lako la lita tano nimeshaliosha, liko juani linakauka.

Ndugu yako wa Isevya