Szabó wa Uzhhorod: barua kwa Abdalla

Ndugu yangu Abdalla,

Salaam nyingi, na wasalimie wote hapo nyumbani. Barua yako kuhusu makala unayoandika nimeipata. Unasema József Szabó, yule kiungo wa Dynamo Kyiv na wa timu ya Umoja wa Kisovieti, unamjua kama "yule Mrusi aliyeumia mguu kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia ya 1966". Basi nianze na hilo: hakuwa Mrusi, na ule mguu ni sehemu ndogo tu ya habari yake.

Alizaliwa 29 Februari 1940 katika mji wa Uzhhorod, kwenye kingo za mto Uzh, chini ya milima ya Karpati. Mwaka ule mji ulikuwa ndani ya Hungaria na ukiitwa Ungvár. Hadi Novemba 1938 ulikuwa wa Chekoslovakia, na kabla ya hapo wa milki ya Austria-Hungaria. Mwaka 1945 Umoja wa Kisovieti ukauchukua, na tangu 1991 uko Ukraine. Kwa hiyo mtoto wa Kihungaria alizaliwa nchi moja, akaanza shule nchi nyingine, na mtaa ni uleule. Majirani zake walikuwa Waukraine, Warusini (Waslavi wa Karpati, si Warusi) na Waslovakia. Wayahudi nao walikuwa wengi mjini mpaka 1944, walipokusanywa na kupelekwa Auschwitz. Mpaka mpya haukuwa na huruma kwa mtu. Nje kidogo ya Uzhhorod kuna kijiji cha Szelmenc, kilichokatwa vipande viwili, kimoja upande wa Wasovieti na kimoja Slovakia, na ndugu hawakupata njia ya kupita moja kwa moja mpaka kituo cha mpakani kilipofunguliwa Desemba 2005.

Kwa mpira, kubadilishana huko kwa watawala kuliacha kitu. Enzi za Wacheki, klabu ya SK Rus ya Uzhhorod ilipanda hadi ligi kuu ya Chekoslovakia msimu wa 1936/37. Praha ilikuwa mbali mno kwa treni, ikawa wachezaji, wengi wao walimu wa shule, wanakwenda kwenye mechi za ugenini kwa ndege. Enzi za Wahungaria ukaja mpira wa pasi fupi na utulivu wa mguu. Wasovieti walipoingia walikuta vijana waliokwisha iva: Spartak ya Uzhhorod ikawa bingwa wa Ukraine ya Kisovieti 1946, 1950 na 1953, ikiziacha timu za miji mikubwa zaidi.

Dynamo Kyiv waliliona hilo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walikwishaanza kuwachukua vijana wa Karpati: Mykhaylo Koman, Dezső Tovt, Mykhalyna, Dyerfi. Koman alifunga katika fainali ya Kombe la Kisovieti ya 1954, Dynamo ilipoifunga Spartak Yerevan 2-1 na kunyanyua kombe hilo kwa mara ya kwanza. Ukiona watu wanamtaja Szabó kana kwamba aliangukia Kyiv kwa bahati, wakumbushe kuwa njia ilikwisha chongwa miaka kumi kabla yake.

Yeye alifika Kyiv 1959. Mwaka 1961 Dynamo ikawa bingwa wa ligi kuu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza ubingwa kutoka nje ya Moscow. Lakini Szabó ninayetaka umwelewe ni wa kuanzia 1964, alipokuja kocha Viktor Maslov.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko kwenye ufundi. Enzi zile timu nyingi zilikuwa na mawinga wawili wa kubandika kwenye chaki, na mabeki waliokaba mtu kwa mtu: wewe namba yako ni huyu, akienda chooni mfuate. Maslov aliwaondoa mawinga. Valeriy Lobanovskyi, winga kipenzi cha majukwaa ya Kyiv, alikuwa mmoja wa waliofungashiwa virago mwanzoni kabisa, na baadaye yeye mwenyewe alikuja kuwa kocha mkubwa. Waliobaki Maslov aliwapanga mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili. Ndani ya wale viungo wanne, mmoja alisimama peke yake mbele ya mabeki. Huyo alikuwa Vasyl Turyanchyk, nahodha, mkata umeme kwa lugha yetu. Mbele yake alikuwapo Andriy Biba, mchezeshaji, aliyechaguliwa mchezaji bora wa nchi 1966. Szabó na wenzake walifanya kazi kati ya hao wawili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mpira ukipotea, kiungo aliye karibu anamvaa mwenye mpira papo hapo, asimpe nafasi ya kuinua kichwa. Wawili wanaofuata hawaukimbilii mpira. Wanaziba pasi mbili rahisi zilizo karibu naye. Mabeki nao wanapanda ili nyuma ya viungo kusiwe na uwazi. Kila mmoja anakaba eneo lake, na adui akihamia eneo la jirani anamkabidhi kwa jirani. Inavunjika vipi? Kwa njia mbili. Ya kwanza, mmoja akichelewa hatua mbili, pasi inapita na mabeki wanakutwa wamepanda. Ya pili, pumzi: viungo wakichoka dakika ya 70, wanaanza kurudi nyuma kukaba kwenye boksi lao wenyewe, na mfumo wote unakuwa mzigo. Ndiyo sababu Maslov alikazania mazoezi ya mwili na chakula cha wachezaji kwa kiasi ambacho wakati ule wengi waliona ni wazimu.

Szabó alikuwa na vitu vitatu vilivyohitajika hapo: pafu, ukorofi na mguu safi. Pafu na ukorofi ungevipata kwa wengi. Mguu safi ndio ulioleta tofauti, kwa sababu kunyang'anya mpira halafu ukatoa pasi mbovu ni sawa na kutonyang'anya. Na angalia waliomzunguka: Turyanchyk mtu wa Karpati, Ferenc Medvid mtu wa Karpati, Szabó mwenyewe. Katikati ya timu bora ya Umoja wa Kisovieti walikuwapo watu watatu wa jimbo moja dogo la mpakani.

Matokeo ni haya: Kombe la Kisovieti 1964, ligi na Kombe kwa pamoja 1966, ligi 1967, ligi 1968. Msimu wa 1967 waliruhusu magoli 11 katika mechi 36. Mimi nikiulizwa Szabó alikuwa nani, nataja namba hiyo kabla ya kutaja Kombe la Dunia.

Sasa Uingereza 1966, maana najua hutaniachia. Alicheza dhidi ya Korea Kaskazini (3-0) na Italia (1-0). Robo fainali, tarehe 23 Julai, uwanja wa Roker Park mjini Sunderland, ikawa dhidi ya Hungaria. Fikiria hilo: mzaliwa wa Ungvár, jina la Kihungaria, lugha ya nyumbani Kihungaria, amevaa shati la Wasovieti, na mbele yake wamo Bene na Albert, vijana walioifunga Brazil 3-1 siku chache tu kabla. Chislenko wa Wasovieti alifunga dakika ya 5 baada ya kipa wa Hungaria, Gelei, kuuachia mpira ambao angeudaka hata akisinzia. Mwenzake Porkujan akaongeza mara tu baada ya mapumziko, Bene akarudisha moja, na kipa wa Wasovieti, Yashin, akaokoa yaliyobaki. Ikaisha 2-1, Hungaria ikaenda nyumbani.

Siku mbili baadaye, Goodison Park mjini Liverpool, Ujerumani Magharibi. Dakika za mwanzo Szabó alimwingia Franz Beckenbauer kwa nguvu, na aliyeumia akawa yeye mwenyewe. Siku hizi angetolewa, angeingia mwingine. Mwaka 1966 Kombe la Dunia halikuruhusu kubadilisha mchezaji hata kama amevunjika. Ruhusa ya wachezaji wawili wa akiba ilikuja 1970. Kwa hiyo alibaki uwanjani akichechemea. Karibu na mapumziko Haller wa Ujerumani akafunga, na muda huohuo Chislenko akatolewa nje kwa kumpiga teke Held, mwenzake Haller. Usiandike "kadi nyekundu" kwenye makala yako, kadi nazo zilianza 1970. Wasovieti wakacheza kipindi cha pili wakiwa kumi, na mmoja wa hao kumi ana mguu mmoja. Beckenbauer akaongeza la pili, Porkujan akafunga dakika za mwisho, 2-1. Mfumo niliokueleza hapo juu hauwezi kuvumilia kiungo asiyekimbia. Ukimpoteza Szabó, kamba ya kati imekatika. Kwa hiyo wanaosema aligharimu timu wana hoja, ila wakumbuke kwamba faulo ile ilikuwa ni namna yake ya kucheza, ileile iliyowapa Kyiv ubingwa.

Kuna jambo lingine la mwaka ule ambalo linanichekesha. Ligi ya Kisovieti haikusimama wakati wa Kombe la Dunia. Wachezaji wa Kyiv wakiwa Uingereza, Maslov aliwaingiza vijana, akina Byshovets na Muntyan, na timu ikaendelea kushinda. Waliorudi wakakuta namba zina wenyewe.

Mengine kwa ufupi. Mwaka 1970 alikwenda Zorya ya Luhansk, akaondoka, na klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa Kisovieti 1972 bila yeye. Mwaka huohuo alikuwa Dinamo Moscow chini ya Konstantin Beskov, wakafika fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya mjini Barcelona, tarehe 24 Mei. Walikuwa klabu ya kwanza ya Kisovieti kucheza fainali ya Ulaya. Wakafungwa 3-2 na Rangers ya Uskoti, baada ya kuwa nyuma 3-0, na mashabiki wa Rangers wakavamia uwanja. Kisha akawemo kwenye kikosi cha Olimpiki ya Munich kilichopata shaba, medali iliyogawanywa na Ujerumani Mashariki baada ya sare ya 2-2. Usishangae mchezaji wa Kombe la Dunia kuwa Olimpiki: rasmi Wasovieti hawakuwa na wachezaji wa kulipwa. Walioko Dynamo waliandikwa chini ya vyombo vya usalama, wengine jeshini au viwandani, na mshahara ukapitia huko.

Baadaye akafundisha. Septemba 1994 alikuwa kwenye benchi Dynamo Kyiv ilipoigeuzia kibao Spartak Moscow kutoka 0-2 hadi 3-2 katika Ligi ya Mabingwa. Na tarehe 9 Oktoba 1999 alikuwa kocha wa Ukraine mjini Moscow, Shevchenko alipopiga mpira wa adhabu dakika za mwisho na kipa wa Urusi, Filimonov, akauingiza mwenyewe wavuni. Sare ya 1-1 ikaitoa Urusi kwenye mbio za Euro 2000. Ukraine nayo ikatolewa na Slovenia kwenye mchujo, lakini huko Kyiv sare ile bado inasimuliwa kama ushindi.

Ukitaka kumlinganisha na mtu, usimtafute mbali. Vasyl Rats, Mhungaria wa kijiji cha Fanchykovo jimbo hilohilo, alizaliwa 1961. Mei 1986, fainali ya Kombe la Washindi mjini Lyon, Dynamo Kyiv na Atlético Madrid: Rats anapanda na mpira kushoto, anampa Belanov, Belanov bila kuangalia anampa Yevtushenko, Yevtushenko anamsogezea Blokhin kulia, na Blokhin anaunyanyua juu ya kipa. Mwezi uliofuata, kwenye Kombe la Dunia la Mexico, Umoja wa Kisovieti ukaifunga Hungaria 6-0 na Rats alianza. Miaka 20 baada ya Roker Park, yaleyale. Siku tatu baadaye akavurumisha kombora la mguu wa kushoto dhidi ya Ufaransa, na ukilitafuta hilo goli utalipata kirahisi.

Ukianza kuchimba kumbukumbu, angalia majina. Wahungaria hutanguliza jina la ukoo: Szabó József. Karatasi za Kisovieti zina Iosif Sabo, za Kiukraine Yozhef Sabo. Rats utamkuta kama László Rácz. Mahali pa kuzaliwa utakuta Hungaria, Chekoslovakia, Umoja wa Kisovieti au Ukraine kutegemea nani aliandika. Wewe andika mji na mwaka, kisha nchi iliyokuwa ikiutawala mwaka ule. Na usimchanganye Dynamo wa Kyiv na Dinamo wa Moscow, maana Szabó alichezea zote mbili na watu hujumlisha magoli ovyo.

Ukimaliza rasimu nitumie niisome kabla hujaipeleka.

Wako,
Shaabani